Uzito Mbele, Uzito Chini

Ukitaka kumkera Mama Betri, mwambie kitu fulani ni kizito halafu unyamaze. Atakuuliza papo hapo: kizito wapi? Mbele au nyuma? Juu au chini? Kwake hakukuwa na mzigo mzito, kulikuwa na mzigo uliokalishwa vibaya, na mtu aliyelalamikia mgongo baada ya kubeba ndoo hakupata pole kwake, alipata somo. Alikuwa hivyo tangu usichana wake. Na kwa kuwa mara nyingi alikuwa sahihi, watu walizoea kumwamini, naye akazoea kuaminiwa. Kuaminiwa ni kutamu, lakini kuna sumu yake, na sumu hiyo haina harufu.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kile ambacho watu wengine hukifanya sebule. Meza ilikuwa na makovu ya moto kila mahali. Kwenye rafu zilipangwa betri za taa za sola, betri za tochi, betri za mashine za kutobolea ukuta. Zikifa zililetwa kwake. Alizipasua, akapima kila kipande kilichomo ndani, akatupa vilivyokufa na kuunga vilivyo hai, akakurudishia betri iliyofufuka. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya mchanga kwa ajili ya betri zilizovimba, maana betri iliyovimba ni mgeni wa hatari na halazwi ndani. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, zilirundikana betri kubwa za malori, zimekufa zote, madini mazito ya risasi tupu, kila moja ikitosha kumvunja mtu kidole cha mguu.

Ugonjwa wa vigari aliambukizwa na mfamasia wa mtaa. Mfamasia huyo, mtu mzima mwenye kipara na heshima zake, aliingia siku moja amebeba gari la rimoti kwa mikono miwili kama amebeba mtoto mchanga. Mama Betri alitaka kucheka akajizuia. Halikuwa lile gari la watoto linalokimbia huku na huko likigonga kuta. Hili lilikuwa la kupanda mawe. Lilitambaa polepole, matairi yake makubwa na laini yakikumbatia jiwe, springi zake ndefu zikiacha kila gurudumu litafute pa kukanyaga. Shida yake moja: likifika kwenye mwinuko mkali lilijinyanyua pua, likalala chali.

"Betri imechoka," alisema mfamasia.

Mama Betri aliligeuza. "Betri haijachoka. Betri imekaa pabaya. Nani kaiweka huku nyuma, tena juu, kama abiria wa kwenye keria?"

Alikata kipande cha bati, akakikunja kuwa kijitrei, akakifunga mbele kabisa, chini, juu ya ekseli ya mbele. Akailaza betri humo kwa ubavu. Kisha akachukua vipande vidogo vya risasi, vile mafundi wa matairi wanavyobandika kwenye rimu, akavibandika ndani ya magurudumu ya mbele. Akakiweka kigari kwenye mzani wa jikoni, nusu moja baada ya nyingine, akahamisha betri kidogo tena, mpaka mbele kukachukua sehemu kubwa ya uzito na nyuma kukabaki kudogo. Wakatoka nje kwenye lundo la mawe. Kigari kikapanda jiwe lililokishinda mwezi mzima, kikapanda taratibu bila haraka, kikasimama juu.

"Uzito mbele, uzito chini," alisema Mama Betri, akajifuta mikono. Hakujua kwamba alikuwa amejitungia dini.

Miezi michache baadaye na yeye alikuwa na kigari chake. Kila Jumapili jioni walikutana nyuma ya kiwanda cha vigae kilichofungwa, yeye, mfamasia, kinyozi na mwalimu mmoja wa udereva, watu wazima wanne wameinama juu ya mawe wakishika rimoti. Mchezo wao ulikuwa rahisi. Walichora njia kwa chaki kutoka chini ya lundo hadi jiwe la juu. Kigari kikianguka, umepoteza. Kikifika juu, makofi. Kisha unakichukua, unakitia kwapani kama kuku wa kununua sokoni, unashuka nacho kwa miguu yako. Kushuka hakukuwa na pointi. Hakuna aliyeshusha kigari kwa magurudumu yake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mchezo ndivyo ulivyoanza, basi ukaendelea hivyo.

Mumewe aliyaona haya yote kama kichekesho cha bure. Machimboni walimwita Bwana Maji. Aliendesha trekta la machimbo ya mawe, na kazi yake ilikuwa moja, kupandisha maji. Kule juu kilimani hapakuwa na bomba wala kisima. Alijaza tangi bondeni, tangi jeusi lililobebwa nyuma ya trekta kwa fremu ya chuma, akapanda nalo ile njia ya changarawe yenye kona, akamwaga maji kwenye mapipa ya machimbo, akashuka na tangi tupu, akaanza upya. Alikuwa mpole, mwenye maneno. "Wenzangu wameoa wake," alipenda kuwaambia wapondaji kokoto, "mimi nimeoa mzani."

Siku moja alirudi bila utani. Alikaa kwenye kiti cha karakana na viatu vyake vya vumbi, akakataa chai.

"Limesimama," alisema.

"Nini kimesimama?"

"Trekta. Kwenye mwinuko wa mwisho. Magurudumu ya mbele yamenyanyuka, mama watoto, nikaona mawingu. Usukani uko mkononi lakini haushiki kitu. Nimekanyaga klachi, likarudi chini, pu! Hata sijui limerudije." Alicheka kidogo, kicheko kisichomfikia machoni. "Walikuwa wamenijazia tangi mpaka mdomoni."

Mama Betri alimtazama mumewe mikono. Ilikuwa imetulia magotini, lakini vidole vilikuwa vikishikana vyenyewe. Alimpenda mtu yule. Hakuwa mwanamke wa kuyasema hayo mchana, lakini alimpenda, na pale pale aliona akilini lile trekta likiendelea kunyanyuka, likipita pale liliposimama, likimgeukia mtu aliyekaa chini yake.

Asubuhi alimpeleka uani. Alirudisha betri ya kigari nyuma, akafunga na chupa ya maji mgongoni mwake, akakielekeza kwenye jiwe la mteremko. Kigari kikapanda kidogo, kikanyanyua pua, kikalala chali, magurudumu yakizunguka. Mkewe akaiacha chupa pale pale, akahamisha betri mbele, akabandika na risasi. Kigari kikapanda na maji yake mgongoni hadi juu, akakiokota.

"Sawa," alisema Bwana Maji, "lakini trekta halina betri ya kuhamisha."

"Tutalitafutia."

Ndipo zilipopata kazi zile betri za malori zilizokufa. Alizimwaga asidi kwa uangalifu, akazisuuza, akamwita fundi wa kuchomelea. Akamwagiza kreti la chuma, likae mbele ya pua ya trekta, na lisikae karibu. "Sogeza mbele," alimwambia. "Mbele zaidi. Hujawahi kucheza bembea ya ubao? Anayekaa mwisho ndiye anayembeba mwenzake." Fundi akasogeza. Betri zikapangwa ndani, mfuniko ukawekwa, na Mama Betri mwenyewe ndiye aliyesema uchomelewe kabisa, usiwekewe bolti. Risasi ina bei, na vibaka wana spana.

Kreti lilifanya kazi. Hilo lisemwe wazi, maana ndilo lililowapofusha wote. Trekta lilipanda kilima na tangi lililojaa hadi mdomoni, pua chini, usukani umeshika, bila hata kutikisika. Msimamizi wa machimbo alimpa Mama Betri mkono mbele ya watu. Mpishi wa machimbo, shoga yake wa siku nyingi, alimpigia simu kumwambia kwamba mumewe ameanza tena kuimba akipanda, na kwamba sauti yake haijaboreka hata kidogo. Mama Betri alitembea mtaani kwa majuma kadhaa kichwa kikiwa juu. Alistahili. Nani angemlaumu?

Kisha siku moja, akila, Bwana Maji alisema, "Siku hizi nikishuka, mkia unacheza."

"Unacheza vipi?"

"Kidogo tu. Kwenye kona. Nyuma kunaenda huku, kunarudi, kama mtu anayetingisha kiuno." Akatingisha mabega kumwonyesha, wote wawili wakacheka.

Hakuuliza zaidi. Mwanamke ambaye humwuliza kila mtu uzito uko wapi, safari hii hakuuliza. Siku nyingine mumewe alimwonyesha tairi za nyuma zilivyolika, zimesuguliwa kama zimepigwa msasa, wakati za mbele zilikuwa nzima. "Changarawe hiyo," alisema Mama Betri, akarudi kwenye solda yake. Siku nyingine tena alisema kwamba sasa anashuka kwa gia namba moja na bado trekta linamsukuma, akikanyaga breki linateleza badala ya kusimama. "Pole pole tu," alisema mkewe. Mambo yalikuwa yakibisha hodi, moja baada ya jingine, na yeye alikuwa ndani anasikia redio.

Kiangazi kikaisha. Mawingu yalianza kukaa juu ya kilima kuanzia mchana, mazito, ya rangi ya moshi wa tairi, yasiyonyesha wala kuondoka. Upepo ulisimama. Bwana Maji alikuwa na haraka ya kujaza mapipa ya machimboni kabla njia haijawa tope.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya wifi. Wifi, dada wa Bwana Maji, alikuja kutembea kila alipochoka na nyumba yake, na alikuja na ulimi wake. Alimkuta Mama Betri uani, ameinama juu ya mawe na rimoti mkononi.

"Wifi, bado unacheza? Kaka yangu anahangaika na maji, wewe unacheza na mtoto wa plastiki?"

"Njoo uone kinavyopanda kwanza, halafu useme."

Wifi akasimama, mikono kiunoni. Kigari kikapanda, kikafika juu. Mama Betri akainama kukichukua.

"Sasa mbona unakibeba?" aliuliza wifi. "Kwani hakijui kurudi nyumbani chenyewe?"

"Kushuka si mchezo wetu."

"Si mchezo wenu! Mtu apande, kushuka abebwe. Haya, kishushe tuone. Au unaogopa?"

Ulikuwa utani wa mawifi, hakuna zaidi. Mama Betri akacheka, akakigeuza kigari, pua ikaelekea chini, akasukuma rimoti taratibu. Kigari kikateremka kidogo. Kisha nyuma yake ikapanda. Haikupanda kwa kishindo, ilipanda kwa utulivu, magurudumu mawili ya nyuma yakaacha jiwe yakazunguka hewani bila kugusa kitu, na kigari chote kikapinduka juu ya pua yake, kikabingirika hadi miguuni pa wifi.

Wifi alipiga makofi, akacheka hadi akashika ukuta.

Mama Betri hakucheka. Alibaki amesimama na rimoti, macho kwenye yale magurudumu ya nyuma. Trekta la mumewe lilikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Alilijua hilo miaka yote, kama mtu anavyolijua jina la mtaa asioupita. Kupanda, tangi lilikuwa limejaa. Kushuka, lilikuwa tupu. Nyuma kwepesi, mbele risasi tupu, tena iliyosogezwa mbele, mbele zaidi, kwa amri yake. Kila safari mumewe alishuka kilima akikanyaga breki za magurudumu yasiyokandamizwa na kitu. Mkia unacheza! Na yeye alikuwa amecheka.

Tone la kwanza la mvua lilidondoka kwenye jiwe. Kisha la pili. Kule kilimani kulikuwa kumeshafunga, hata kilima chenyewe hakikuonekana.

"Wifi, una nini? Wifi!"

Alikuwa ameshika simu. Ya mumewe iliita hadi ikakata. Iliita tena, ikakata. Mtu aliyeko juu ya injini hasikii simu. Akampigia mpishi.

"Shoga!" Sauti ya mpishi ilikuja pamoja na kelele za mvua juu ya mabati. "Huku imeshika, we acha tu!"

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo, ameshamaliza kumwaga maji. Yuko anawasha ateremke."

"Mzuie. Nisikilize vizuri. Nyuma ya trekta ni kwepesi, breki hazitashika kwenye tope. Asishuke mpaka nyuma kuwe na uzito. Umenielewa? Uzito nyuma, wa kutosha, ndipo ashuke."

"Nimekuelewa, uzito nyuma. Namkimbilia."

Mama Betri alitoka alivyo, na kanga moja begani na kandambili miguuni. Wifi akamfuata akiuliza maswali, na alipojibiwa swali la kwanza hakuuliza la pili. Njia ya machimbo ilianzia pale nyumba zilipoishia. Mwanzoni ilikuwa tambarare, kisha ikaanza kupanda, upande mmoja ukuta wa kilima, upande wa pili korongo. Changarawe ilikuwa imeshakuwa uji. Kandambili moja ilikwama, akaiacha. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, kwa sauti, akimwomba Mungu katikati ya pumzi, akijitukana katikati ya maombi. Mbele zaidi! Nani alimtuma aseme mbele zaidi? Mkono wa fundi ulichomelea, lakini mdomo ulikuwa wake.

Wakiwa wamefika kwenye kona ya kwanza walisikia injini. Iko juu yao, kwa gia ya chini, inaguna. Inashuka.

"Hajaambiwa," alisema wifi. "Ee Mola, hajaambiwa."

Trekta likatokea kwenye kona ya juu. Kwanza kreti, jeusi, linachuruzika maji, kisha pua, kisha Bwana Maji na kofia yake. Na nyuma yake, juu ya tangi tupu na kwenye fremu ya chuma iliyolibeba, watu. Wapondaji kokoto, kina mama watano, wamejifunika magunia ya nailoni, wameshikana viuno na kushikilia vyuma, wanacheka kwa kila mtikisiko. Katikati yao, mpana kuliko wote, mpishi.

Bwana Maji alimwona mkewe. Uso wote ukamfunguka.

"Mama watoto!" alipaza sauti. "Uzito nyuma, kama ulivyosema!"

Mpishi alikuwa amepeleka ujumbe vizuri kabisa. Hakukosea hata neno. Mvua ilikuwa inanyesha, kazi imesimama, kina mama walikuwa wanatafuta namna ya kufika nyumbani, na dereva anahitaji uzito. Mtu gani angefikiria mawe, katika machimbo ya mawe, wakati watu wamesimama pale wanataka lifti?

Nyuma ya trekta ikateleza, hatua moja kuelekea korongo, ikashika. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mama Betri aliipiga hesabu kabla hajavuta pumzi. Wale watu ndio waliokuwa breki. Kila mmoja aliyekaa pale alikuwa anakandamiza magurudumu ya nyuma kwenye tope. Mmoja akiruka, nyuma inapungua. Wakiruka wawili watatu kwa hofu, trekta linaondoka na waliobaki, pamoja na mtu aliyeshika usukani. Wasiposhtuka, huenda likashika. Wakishtuka, hakuna huenda.

Kando yake wifi alivuta pumzi yote ya kifua. "Shu..."

Mama Betri alimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayezima moto. "Kimya," alimwambia sikioni. "Wakishuka, kaka yako anakufa. Cheka."

Wifi alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu.

"Cheka, wifi. Wapungie mkono."

Naye akanyanyua mkono wake, akaupunga. Akacheka. Mvua ilimsaidia, maana usoni hakuna aliyeweza kujua maji yapi ni yapi. "Hongereni!" alipaza sauti. "Leo mmepanda ndege!"

"Shoga yangu huyo!" mpishi alipiga kelele, akaanza kujivuta kuelekea ukingoni mwa fremu. "Ngoja nishuke nimkumbatie!"

"Wee! Ukae hapo hapo!" Mama Betri alijibu kwa sauti ya utani, na sauti hiyo hakujua aliitoa wapi. "Umelowa hivyo utanilowesha bure! Kaa katikati, shika vizuri, tutakumbatiana chini!"

Kina mama wakamcheka mpishi. Mpishi akajirudisha katikati, akinung'unika. Trekta likaikaribia kona, likainama, kreti likapita mbele ya tumbo la Mama Betri karibu kuligusa. Nyuma ikateleza tena, safari hii kwa muda mrefu, taratibu, kama mlango unaojifungua wenyewe. Tangi likaning'inia juu ya korongo pamoja na waliokaa upande ule, bado wanacheka. Mama Betri aliendelea kupunga. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, lakini aliupunga. Kisha tairi likauma kitu, jiwe au mzizi, na trekta likajivuta, likanyooka, likaendelea kuteremka hadi kwenye tambarare.

Kule chini waliruka wote, wakakung'uta magunia. "Ahsante Bwana Maji! Kesho tena!" Mmoja alimshika Mama Betri bega alipofika. "Umetufaa, mama. Kila siku tunatembea na miguu hii, kumbe usafiri upo."

Bwana Maji alikuwa amezima injini. Alishuka, akajinyoosha, ameridhika.

"Limetulia kuliko siku zote," alisema. "Ulikuwa sahihi. Mkia haukucheza sana. Kuanzia kesho nitawashusha wao wote, zamu kwa zamu."

Wifi alikaa chini kwenye tope, akajifunika uso na kanga, akaanza kulia kwa sauti.

"Huyu naye ana nini?"

Mama Betri alimshika mumewe mkono, kama anavyoshikwa mtu anayevushwa barabara, akampandisha njia ile ile hadi kwenye kona. Maji yalikuwa bado hayajafuta. Alama za magurudumu ya mbele zilikuwa katikati ya njia. Alama za nyuma ziliachana nazo, zikaenda kando, zikaenda kando zaidi, na kwa urefu wa mtu mzima aliyelala, alama ya tairi moja ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine haikuwa na ardhi ya kuandikwa.

Bwana Maji aliinama, akaweka kiganja kwenye ile nusu. Akachungulia korongoni. Mvua ilimpiga mgongo, na utani wote ukamtoka.

"Walikuwa wakicheka," alisema mwishoni. "Nilikuwa nawasikia. Na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikosea, baba watoto. Tangu lile kreti. Mimi ndiye niliyekosea."

Bwana Maji alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa trekta, akamwekea mkewe kwenye kiganja. Mkewe akachuchumaa kando yake, wakabaki wote wawili kwenye kona, wakiwasikiliza kina mama kule chini wanaagana, wakipangana nani atakaa upande gani kesho.